Mwongozo wa kupanga majina na namba za simu kwa mtumiaji wa WhatsApp

Mtu akilalamika kwamba WhatsApp yake imevurugika, mara nyingi WhatsApp haina kosa. Mtu mmoja anayejitokeza kwa majina matatu, namba tupu kwenye grupu la ukoo, mjumbe wa kikundi asiyepata matangazo, picha ya mwanaume usiyemjua juu ya jina la shangazi yako: yote haya huanzia kwenye kitabu cha majina cha simu. WhatsApp hukisoma kitabu hicho, ikalinganisha namba zilizomo na namba zilizosajiliwa kwake, kisha ikakuonyesha waliolingana. Kitabu kikinyooka, WhatsApp nayo inanyooka. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi iliyo hapa chini inafanyika nje ya WhatsApp, na ndiyo maana wanaokimbilia kuifuta na kuisakinisha upya hujikuta palepale walipokuwa.

Nimewafikiria hasa watu ambao namba za wenzao ni sehemu ya kazi yao: makatibu wa vikundi vya kuweka na kukopa, walimu wa madarasa, wenye maduka, wanakamati wa harusi na misiba. Lakini hata mwenye majina mia moja atapata la kufanya. Maelezo yanafuata simu za Android, kwa sababu ndizo zilizojaa mikononi mwetu. Njia ya iPhone ikitofautiana sana, nitaitaja.

Tenga jioni moja tulivu, simu ikiwa na chaji, na bando dogo linatosha. Majina ni maandishi tu, hayali data.

Hatua ya kwanza: jua majina yako yanakaa wapi

Kwenye simu nyingi majina hukaa sehemu tatu kwa wakati mmoja, na mwenye simu hajui. Mengine yako kwenye laini, mengine kwenye kumbukumbu ya simu yenyewe, mengine kwenye akaunti ya Google. Yote huonekana pamoja kwenye orodha moja, ndiyo maana tofauti haijulikani mpaka siku simu inapoibiwa.

Laini ndiyo sehemu mbovu kuliko zote. Kwa kawaida hubeba majina 250 hivi, jina lenyewe lazima liwe fupi, na kila jina hukubali namba moja. Ikipotea, utaenda kwa wakala au duka la mtandao, utaweka alama ya kidole, utarudishiwa namba yako ileile ndani ya muda mfupi. Majina hayarudi. Laini mpya inakuja tupu. Kumbukumbu ya simu ni afadhali kidogo kwa nafasi, lakini simu ikitumbukia kwenye ndoo ya maji, majina yanaondoka nayo. Akaunti ya Google ndiyo pekee kati ya hizi tatu inayokurudishia kila kitu kwenye simu mpya, kwa kuingia tu na barua pepe na nywila yako. Kwa mwenye iPhone, kazi hiyo hufanywa na iCloud.

Fungua jina lolote kwenye programu ya majina na ushuke chini. Simu nyingi huandika limehifadhiwa wapi. Ukikuta laini au simu, yahamishe. Programu ya majina ya Google ina sehemu ya kuingiza majina kutoka kwenye laini: unachagua laini, unachagua akaunti ya kupokelea, unathibitisha. Kwa majina yaliyo kwenye kumbukumbu ya simu, kuna chaguo la kuyahamishia kwenye akaunti. Kisha ingia kwenye mipangilio ya programu hiyohiyo na uweke akaunti ya Google iwe mahali pa kuhifadhia kila jina jipya. Usipofanya hilo la mwisho, kesho utasevu fundi mpya na ataenda kukaa kwenye laini kama zamani.

Hapa kuna jambo linalowaumiza watu wengi. Akaunti ya Google iliyomo kwenye simu zetu mara nyingi ilifunguliwa na kijana wa dukani siku simu iliponunuliwa. Alibuni barua pepe, akabuni nywila, akawasha simu, akakukabidhi. Wewe huijui nywila. Yeye huenda anaikumbuka. Maana yake ni mbili: simu ikipotea huwezi kuingia, na mtu mwingine anaweza kuyaona majina yako yote akiwa amekaa kwake. Kabla ya kuhamishia chochote kwenye akaunti hiyo, badilisha nywila, weka namba yako ya simu iwe ya kurejeshea akaunti, na uiandike nywila kwenye daftari linalokaa nyumbani. Ukishindwa kuingia kabisa, fungua akaunti mpya wewe mwenyewe na uihamishie majina. Ni robo saa ya kazi, na ni ya lazima kuliko hatua zote zinazofuata.

Hatua ya pili: toa nakala kabla ya kugusa kitu

Programu ya majina ina sehemu ya kutoa majina yote yawe faili moja. Faili hilo huishia na herufi vcf, na simu yoyote, iwe Android au iPhone, hulisoma. Litoe, kisha ujitumie kwa barua pepe. Usilitume kwenye grupu wala kwa rafiki akutunzie. Ndani yake mna namba za watu wote unaowajua.

Google pia hukupa nafasi ya kujirekebisha: jina ulilofuta hukaa kwenye pipa la taka kwa siku 30, na unaweza kuirudisha orodha nzima ilivyokuwa siku za nyuma ndani ya muda huohuo. Hata hivyo toa nakala.

Hatua ya tatu: kila namba ianze na alama ya kujumlisha

Ukisevu 0754 na tarakimu sita zinazofuata, simu inaelewa ukiwa Tanzania. WhatsApp nayo huichukulia kuwa ya nchi ambayo namba yako wewe imesajiliwa. Hapo ndipo matatizo ya ndugu walio nje huanzia.

Chukua mfano wa binamu yako aliye Nairobi. Amekupa namba yake kama Mkenya anavyoitaja, 0712 na kuendelea. Umeisevu hivyohivyo. Kwa simu yako, namba hiyo ni ya Tanzania, kwa sababu 0712 iko Tanzania pia, na huenda ina mwenyewe. Unafungua WhatsApp unakuta jina la binamu na picha ya mama mmoja aliyevaa kitenge, hujawahi kumwona. Unamtumia salamu, yeye anauliza wewe ni nani. Binamu kule anasema hujamtafuta. Dawa ni kuandika +254, kisha namba bila ile sifuri ya mwanzo.

Kanuni ni hiyohiyo kwa kila nchi: alama ya kujumlisha, msimbo wa nchi, namba bila sifuri ya mbele. Tanzania ni 255, Kenya 254, Uganda 256, Burundi 257, Rwanda 250, Kongo ya Kinshasa 243, Oman 968. Namba za Oman hazianzi na sifuri. Ni tarakimu nane zinazofuata moja kwa moja baada ya 968. Alama ya kujumlisha hupatikana kwa kukandamiza kitufe cha sifuri na kukishikilia.

Je, urekebishe hata namba za hapahapa nyumbani? Ndiyo, japo si lazima zote siku moja. Siku utakapokwenda masomoni Uturuki au kumfuata mwanao Muscat ukasajili WhatsApp kwa namba ya huko, kila 07 uliyoiacha itasomwa kama namba ya nchi hiyo, na nusu ya jamaa zako watapotea kwenye orodha. Anza na ndugu wa karibu, kisha endelea kila unapofungua jina kwa sababu nyingine.

Hatua ya nne: mtu mmoja, jina moja

Asha Voda, Asha Tigo, Asha Airtel, Asha mpya. Sote tunayo majina ya namna hii, kwa sababu watu wetu hutumia laini mbili au tatu, na kila ofa mpya huleta laini mpya. Tatizo lake ni kwamba hujui ipi ina WhatsApp, ipi hupokea pesa, ipi imeshatupwa.

Programu ya majina ya Google hutafuta majina yanayofanana na kupendekeza kuyaunganisha. Ikubalie, lakini pitia pendekezo mojamoja. Usibonyeze kile kitufe cha kuunganisha yote kwa pamoja, maana kwenye orodha zetu kuna akina Mama Junior wanne ambao hawajuani. Hata iPhone, tangu toleo la iOS 16 la mwaka 2022, inaonyesha majina yanayojirudia juu ya orodha.

Ukishaunganisha, fungua jina na uipe kila namba lebo yake. Lebo za kawaida ni nyumbani na kazini, lakini unaweza kuandika ya kwako: WhatsApp, pesa, usiku. Usitegemee tarakimu za mwanzo kukuambia mtandao. Tangu mwaka 2017 Mtanzania anaweza kuhama mtandao na namba yake, kwa hiyo namba iliyoanzia mtandao mmoja huenda leo iko kwingine. Jina la mtandao nalo hubadilika; Tigo iligeuka kuwa Yas mwaka 2024, na wote walioandikwa Juma Tigo wamebaki na jina la kampuni isiyoitwa hivyo tena.

Hatua ya tano: andika majina yanayokusaidia

Kuna majina tunayaandika kwa haraka na baadaye hayasemi kitu. "Fundi." Fundi gani? "Dada mzuri wa benki." "Msimsahau." Jina zuri linajibu maswali mawili: ni nani, na mlikutana kwa lipi. Kwa watoa huduma, anza na kazi: Fundi Bomba Rajabu Sinza, Boda Kelvin Stendi, Gesi Mama Tuma. Ukitafuta "fundi" wote wanakuja pamoja, na ukivinjari orodha wanakaa jirani. Kwa ndugu na marafiki, anza na jina la mtu.

Kwetu mtu mzima huitwa kwa mtoto wake, na hivyo ndivyo tunavyomsevu: Mama Neema, Baba Shabani. Ni heshima, na isiachwe. Lakini unapomtumia pesa, kabla hujathibitisha, mtandao hukuonyesha jina lililosajiliwa kwenye laini, na hilo ni jina la kitambulisho cha NIDA. Mama Neema anajitokeza kwa jina la Zainabu na ubini usioujua, na wewe unabaki unasitasita, pesa uitume au usiitume. Kuna na laini zilizosajiliwa kwa jina la mume au mdogo mtu. Kwa hiyo kwenye nafasi ya maelezo, ndani ya jina lake, andika jina linalotokea wakati wa kutuma pesa. Unafanya hivyo mara moja tu, siku ya kwanza unapomtumia na akakuthibitishia kwa sauti kwamba ndiyo yeye. Siku jina likitokea tofauti, simama na upige simu. Kwa mtunza hazina wa kikundi, mstari huu mmoja una thamani kuliko mpangilio mwingine wote.

Sasa kuhusu "Mama", "Mume Wangu", "Mke", "Bosi". Simu ikiangukia mikononi mwa kibaka kabla haijajifunga, majina hayo ndiyo anayotafuta. Anamwandikia Mama kwa namba ya mwanawe: nimepata ajali, tuma laki mbili kwa namba hii ya daktari. Mama hana sababu ya kushuku. Nashauri wazazi na wenza waandikwe kwa majina yao ya kawaida, kama watu wengine wote kwenye orodha.

Wapo wanaouliza, na ni swali la haki: nikianguka barabarani, msamaria atampataje mtu wangu? Simu ina mahali pake kwa ajili hiyo. Kwenye Android, ingia Mipangilio, tafuta sehemu ya usalama na dharura, ongeza watu wa kupigiwa wakati wa dharura, na uruhusu waonekane simu ikiwa imefungwa. Kwenye iPhone, jambo hilo lipo ndani ya programu ya Afya. Anayekuokota atabonyeza neno la dharura kwenye kioo kilichofungwa na kuwaona watu hao peke yao, bila kufungua kitu kingine. Jaza leo. Na namba mbili za watu wa karibu zikae kichwani pia, kama zilivyokaa zamani.

Hatua ya sita: punguza

Kila jina linalobaki kwenye kitabu chako lina athari kwenye WhatsApp. Ukiwa umeweka stetasi yako ionekane na watu uliowasevu, basi fundi wa jokofu uliyemwita mara moja mwaka juzi, naye akiwa amekusevu, anaona picha za mtoto wako kila ukizipandisha. Kupunguza majina ni kulinda nyumba yako.

Pitia herufi kwa herufi. Mtu ambaye hata ukijitahidi humkumbuki, futa. Namba za huduma zilizokuja na laini, futa. Usiogope kupoteza mazungumzo: ukifuta jina, mazungumzo ya WhatsApp hubaki, ila yanaonekana kwa namba badala ya jina. Na kama unahitaji kumwandikia mtu mara moja tu, dereva wa mzigo kwa mfano, huna haja ya kumsevu kabisa. Andika kwenye kivinjari wa.me, alama ya mkwaju (/), kisha namba yake kuanzia 255 bila alama ya kujumlisha wala sifuri, na mazungumzo yatafunguka.

Yapo majina ambayo mkono hausogei kuyafuta, ya waliotangulia mbele ya haki. Sikushauri uyafute. Lakini fahamu kwamba laini iliyokaa muda mrefu bila kutumika mtandao huichukua na kumpa mteja mwingine. Siku moja unaweza kufungua WhatsApp ukaona jina la baba yako na picha ya kijana mgeni, na mshtuko wake si mdogo. Fanya hivi: fungua jina lake, nakili namba uiweke kwenye nafasi ya maelezo, kisha uiondoe kwenye nafasi ya namba. Jina linabaki kwenye kitabu chako, na halitaungana tena na mtu mwingine. Mazungumzo yenu ya WhatsApp yatoe kama faili kupitia vidoti vitatu ndani ya mazungumzo, ujitumie kwa barua pepe, pamoja na sauti zake kama bado zipo.

Hatua ya saba: angalia nani mwingine anasoma kitabu chako

Programu nyingi huomba ruhusa ya kusoma majina siku ya kwanza unapozifungua, nasi hubonyeza kukubali ili tuendelee. WhatsApp inahitaji ruhusa hiyo kwa kazi yake. Tochi haiihitaji. Mchezo wa mpira hauhitaji.

Kubwa kuliko yote ni programu za mikopo ya haraka. Unakopa elfu hamsini, unachelewa siku mbili, na ujumbe unaanza kumiminika kwa mama mkwe, mchungaji, bosi wako na mwalimu wa mtoto: mwambieni fulani alipe deni. Walizipataje namba? Uliwapa wewe, kwa kubonyeza kukubali. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Kufungiwa kwa programu hakufuti majina yaliyokwisha kuchukuliwa.

Ingia Mipangilio ya simu, kwenye faragha, kisha mahali pa kusimamia ruhusa, na ufungue ruhusa ya majina au anwani. Utaona orodha ya programu zote zinazosoma kitabu chako. Ziondolee ruhusa zote isipokuwa za simu, ujumbe, WhatsApp na zile unazozitumia kutuma pesa kwa kuchagua jina. Kitu kikikataa kufanya kazi, kitakuomba tena, nawe utaamua ukiwa macho. Fanya hivyo pia kwa WhatsApp za kuungaunga zenye rangi na mbwembwe, zile zisizotoka kwenye duka rasmi la programu: ziondoe kabisa. WhatsApp yenyewe huzikataa na inaweza kukufungia akaunti, na hujui aliyezitengeneza anapeleka wapi majina yako.

Namba za wenzako ni amana, na siku hizi ni jambo la kisheria pia. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na tume yake. Kenya ina yake ya mwaka 2019. Katibu anayegawa orodha ya wanakikundi kwa mfanyabiashara wa viwanja ajue amegusa mahali pabaya.

Telegram nayo ina tabia ya kuwatangazia waliokusevu kwamba umejiunga, na huhifadhi nakala ya majina yako kwenye seva zake ukiruhusu usawazishaji. Kwenye mipangilio yake ya faragha unaweza kuuzima na kuyafuta yaliyokwisha kupanda.

Hatua ya nane: sasa ingia WhatsApp

Ukifika hapa kazi imebaki nyepesi. Fungua WhatsApp, bonyeza alama ya kuanzisha mazungumzo mapya, kisha vidoti vitatu vya juu, na uchague kuonyesha upya. Majina uliyoyarekebisha yatajitokeza yalivyo.

Tangu mwishoni mwa 2024 WhatsApp inaruhusu pia kusevu mtu ndani yake peke yake, bila kuingia kwenye kitabu cha simu. Inafaa kwa anayetumia simu moja na mwenzake, au mwenye WhatsApp ya kazi na ya nyumbani. Kwa wengine wote, acha kile kitufe cha kusawazisha na simu kikiwa kimewashwa, la sivyo mtu huyo hatakuwa na jina akikupigia simu ya kawaida.

Pita kwenye Mipangilio, Faragha. Picha, mara ya mwisho kuonekana na maelezo yako viweke kwa watu uliowasevu. Kwenye stetasi kuna chaguo la kuwatoa baadhi ya watu; wateja wako wawe humo. Kisha sehemu ya makundi: chagua kwamba ni watu uliowasevu tu wanaoweza kukuingiza kwenye grupu. Utapumua.

Kuhusu matangazo. Mwenye kamati ya harusi hukimbilia kufungua grupu na kuwaingiza watu mia tatu bila kuwauliza. Kila mmoja humo sasa anaiona namba ya kila mwenzake, wakiwemo wasiomjua bwana harusi, na nusu hujitoa kimyakimya. Kwa ujumbe wa mchango, kikao cha kamati au ratiba ya msiba, tumia orodha ya matangazo, ile tunayoiita brodikasti. Iko kwenye vidoti vitatu vya ukurasa wa mbele. Inabeba watu 256 kwa orodha moja, kila mmoja hupokea kama ujumbe wake binafsi, na majibu hurudi kwako peke yako.

Ina sharti moja ambalo ndilo chanzo cha "mbona mimi sikupata": ujumbe humfikia tu mtu aliyekusevu wewe. Kwa hiyo kabla ya tangazo la kwanza, mwandikie kila mmoja: "Habari ndugu, mimi ni katibu wa kikundi, tafadhali nisevu ili upate taarifa." Asiyejibu, mpigie. Ujumbe wenye alama moja ya tiki kwa siku kadhaa, kwa mtu unayejua yuko hewani, ni dalili kwamba hajakusevu.

Mwenye duka atumie WhatsApp Business. Ni ya bure, na ina lebo za rangi zinazofaa kabisa: mteja mpya, oda mpya, malipo yanasubiriwa, amelipa, oda imekamilika. Unaweza kuwa na lebo 20. Ila ukiweka lebo, iondoe kazi ikiisha. Lebo ya "malipo yanasubiriwa" iliyobaki kwa mtu aliyelipa mwezi uliopita itakufanya umdai tena, na mteja huyo humwoni tena.

Hatua ya tisa: "hii ndiyo namba yangu mpya"

Ujumbe huu huja kila wiki, na wakati mwingine ni kweli. Usifute namba ya zamani siku hiyohiyo. Ipigie kwanza. Ikipokelewa na mwenyewe akakana, umeokoa pesa zako na za wengine. Isipopatikana, piga ile mpya na usikilize sauti. Kama ni sauti ya mgeni, au hataki kupokea simu ila anaandika tu, acha. Uliza kitu ambacho hakipo kwenye mitandao: tulikutana wapi mara ya mwisho, kikao kilifanyika kwa nani. Akithibitika, ongeza namba mpya ndani ya jina lilelile na uipe ya zamani lebo ya "zamani" kwa muda, kisha uiondoe. Tapeli mbloku, mripoti ndani ya WhatsApp, na utoe taarifa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kupitia namba 15040, hukohuko unakoripoti wale wa "ile pesa itume kwenye namba hii".

Ukibadilisha namba wewe, tumia njia ya WhatsApp yenyewe: Mipangilio, Akaunti, Badilisha namba. Laini mpya iwe hewani ili ipokee ujumbe wa uthibitisho. Makundi uliyomo yataarifiwa yenyewe, na utaulizwa kama unataka kuwajulisha watu uliowasevu. Chagua wale mliozungumza nao. Fanya hivyo kabla ya kuitupa laini ya zamani, maana atakayepewa baadaye anaweza kusajili WhatsApp kwa namba hiyo, na waliokusevu wakaendelea kumwandikia yeye. Piga pia *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Usizozijua zifungiwe kwa wakala wa mtandao husika.

Kwa watu wachache wa muhimu, ujumbe wa WhatsApp hautoshi. Wapigie kwa namba mpya, waisikie sauti yako, wakusevu mkiwa bado hewani: wazazi, mwenye nyumba, shule ya watoto, mtunza hazina wa kikundi, na yule jirani anayekaa na funguo za akiba.